Cheni Inapimwa Mtu Akiwa Juu

Mlio ulianza nilipoiacha Ruaha Mbuyuni, pale mibuyu inapochuchumaa pande zote mbili za barabara na milima inaanza kuziba njia. Haukuwa mkubwa. Ulifanana na mtu anayesaga meno usingizini, chumba cha pili. Nikipunguza mafuta, unapungua, nikivuta, unarudi. Mbele yangu Mlima Kitonga ulikuwa umejaa malori ya Zambia na Kongo yanayopanda kwa mwendo wa mzee aliyebeba gunia, na nyuma yangu kulikuwa na basi ambalo dereva wake hakuwa na muda wa kusikiliza meno ya mtu.

Kwenye kona za Kitonga husimami ovyo. Nikapanda hivyo hivyo, sikio kwenye mlio, jicho kwenye korongo, nikitafuta wa kumlaumu. Nililaumu petroli niliyojaza asubuhi. Nikalaumu matuta ya Mikumi, maana barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi ile kwa takriban kilomita 50, na matuta yake yamewekwa kwa faida ya twiga na nyati, viuno vya abiria havikuulizwa. Nililaumu hata joto la bondeni. Jina langu mwenyewe halikunijia kichwani.

Pikipiki ni ya mtumba, ya Kijapani, silinda moja, injini ya 250 inayopozwa kwa upepo, na umri wake unakaribia ule wa mpwa wangu aliyemaliza chuo. Niliipenda kwa sababu inafunguka. Ukiwa na spana namba 8, 10, 12, 14 na 17, bisibisi ya nyota, koleo na subira, hakuna pembe yake usiyoifikia. Kwa miaka minne nimeihudumia mwenyewe kwenye baraza yetu Kimara, Dar es Salaam. Namwaga oili kila baada ya kilomita 3,000. Naseti tapeti injini ikiwa imelala usiku kucha, baridi kabisa, nikipitisha fila, vile vibati vyembamba vya kupimia, kwenye nafasi isiyozidi unene wa karatasi mbili za daftari. Naosha sponji ya chujio la hewa kwa mafuta ya taa. Mke wangu anasema baraza imekuwa gereji isiyoingiza shilingi, na hakosei, inatoa tu.

Watu huniuliza kwa nini nijisumbue wakati nchi nzima ina mafundi. Ni kweli wapo. Tangu bodaboda zilipotapakaa, hakuna njia panda isiyo na kijana mwenye spana na beseni la oili chafu. Tatizo ni spea. Njia panda hizo zimejaa vifaa vya pikipiki za 125 na 150. Cheni yao ni namba 428, yangu ni 520. Meno ya spoketi hayapokei. Gurudumu langu la mbele ni inchi 21, na tyubu ya saizi hiyo nje ya Dar ni kama kuulizia theluji. La nyuma ni inchi 18, kwa hiyo tyubu ya bodaboda ukiibembeleza huingia, ikanyooka na kukufikisha mji unaofuata. Mtu anayesafiri na pikipiki kama yangu anabeba duka lake mgongoni, na akishabeba duka hana budi kuwa fundi wa duka hilo.

Kwenye furushi langu, basi, kulikuwa na spana hizo, plagi mbili, waya wa klachi, tyubu ya mbele, vyuma vitatu vya kubandulia tairi, pampu, viraka na solusheni, mita mbili za waya wa umeme, fyuzi, waya mwembamba wa kufungia, gundi ya chuma ya kuchanganya, na spana malaya, ambayo mafundi wenye heshima zao huisema vibaya lakini kila mmoja anayo. Mpango ulikuwa kutoka usawa wa bahari, kupita Iringa, Njombe na Makete, kupanda mpaka uwanda wa Kitulo kwenye mita 2,600, kisha kushuka hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambalo lipo kwenye mita 470 hivi. Niliuchora mwenyewe kwenye karatasi, mstari unaopanda na kushuka kama mgongo wa ngamia, na nikajiona nimefikiria kila kitu.

Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, nilisimama kwenye kijiwe cha bodaboda. Pembeni palikuwa na fundi, kijana mwenye ovaroli iliyowahi kuwa ya bluu. Sikumwendea anitengenezee. Nilimwomba kivuli na beseni tu. Sisi tunaojitengenezea tuna kiburi chetu: tunamwona fundi kama mlevi aliyeacha pombe anavyoiona baa.

Nilifungua kifuniko cha spoketi ndogo nikakuta oili mbichi imechanganyika na vumbi la Mikumi, uji mweusi. Oili sili ya shafti ilikuwa inavuja. Kijana akachungulia bila kuombwa, akaushika mnyororo kwa kidole kimoja, katikati, akaupandisha. Haukupanda.

“Kaka, hii cheni ulikaza lini?”

“Ijumaa. Siku moja kabla ya safari.”

“Ukiwa juu au ukiwa chini?”

Sikumwelewa. Akaita vijana wawili wa kijiweni, akawaambia wakae juu ya pikipiki, mmoja kwenye kiti na mwingine juu ya mzigo wangu. Pikipiki ikazama. Akanionyesha tena mnyororo: umekakamaa kama kamba ya mbuzi aliyeona majani upande wa pili wa uzio.

Naieleza kanuni hii hapa kwa sababu nilikuwa naijua vitabuni na bado nikaikosea. Gurudumu la nyuma limeshikwa na swingamu, mkono unaopanda na kushuka kufuata shokapu. Pikipiki ikiwa tupu, mkono huo unaning’inia chini. Ukikalia, unainuka, na umbali kati ya spoketi ndogo na ekseli ya nyuma unaongezeka, mpaka spoketi ndogo, bawaba ya mkono na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo mnyororo unapokaza kuliko popote. Ule ulegevu unaoachiwa pikipiki ikiwa imesimama ni akiba ya safari hiyo ya mkono. Kitabu cha pikipiki yangu kinataka mchezo wa milimita 35 hadi 45. Nilikuwa na rula mkononi siku ile Kimara. Niliona tu kwamba mnyororo unaoning’inia haupendezi, unaonekana wa mtu mzembe, nikaukaza mpaka ukanyooka. Kisha nikapakia hema, furushi la vyuma, galoni la maji na mwili wangu ambao mama watoto anaulisha vizuri. Kuanzia Dar, kwa takriban kilomita 490, kila tuta lilikuwa linauvuta mnyororo, mnyororo unavuta shafti, shafti inasugua sili. Matuta ya Mikumi niliyoyalaumu yalikuwa mashahidi tu.

“Mtu akiwa juu na mzigo wake,” kijana alisema, “hapa katikati pabaki vidole viwili. Vitabu sina, ila vidole ninavyo.”

Sili sasa. Nilikuwa tayari kupiga simu kwa maduka ya spea ya Gerezani, Dar, watafute, waitume kwa basi, nilale Iringa siku mbili. Kijana akaichomoa kwa bisibisi, akaifuta kwa tambara, akaipeleka juani. “Soma namba, kaka.” Usoni mwa kila oili sili zimepigwa namba tatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje, unene. Mwenye duka hahitaji kujua inakwenda kwenye pikipiki gani. Beringi nazo ni hivyo hivyo. 6203 ni milimita 17 ndani, 40 nje na 12 unene, iwe kwenye gurudumu, kwenye pampu ya maji au kwenye mota. Tukaenda na namba zetu kwenye duka la vipuri vya mashine za kusaga, kaunta imejaa unga wa mikanda, na mzee wa duka akatoa sili kwenye kopo la maziwa bila hata kuvaa miwani. Miaka minne ya kujiita mjuzi nilikuwa nikiulizia spea kwa jina la pikipiki na kuambiwa hakuna.

Kwa bahati sili yangu hutolewa kwa nje. Zipo injini ambazo lazima upasue tumbo zima. Tulipaka grisi kwenye mdomo wake, tukaigonga taratibu kwa soketi yenye upana wake, ikaingia sawasawa. Nikalipa kivuli, beseni na elimu. Aliomba hela ndogo mpaka nikaona haya, nikaongeza, akaikataa nyongeza mara moja kisha akaipokea, kama adabu inavyotaka.

Kutoka hapo mpaka Njombe sina la kusimulia isipokuwa baridi. Ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Makambako nilivaa sweta, Njombe nikavaa la pili, na Makete, katikati ya misitu ya misonobari, nilivaa mifuko ya nailoni ndani ya glovu. Asubuhi nyasi zilikuwa na umande ulioganda, mweupe, unaolia chini ya buti.

Nilipanda kuelekea Kitulo kwenye barabara ya udongo. Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza nchini kuhifadhiwa kwa ajili ya maua yake zaidi ya wanyama, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua huja na mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mimi nilikwenda Juni. Nilikuta bustani imefagiliwa, nyasi za rangi ya simba mpaka upeo wa macho, na upepo usio na kizuizi. Sijutii, ingawa siku nyingine nitauliza kwanza.

Pikipiki ilikuwa imeanza kuchoka tangu asubuhi. Kwenye mlima inapumua kwa shida, moshi mweusi nyuma, nikiachia mafuta inataka kuzima. Moyoni nilifurahi. Hili nilikuwa nimelisubiri tangu Kimara. Kwenye mita 2,600 hewa ni nyepesi kwa karibu robo kuliko ya Dar, lakini kabureta ya zamani haijui. Inaendelea kumimina petroli ileile kwa hewa iliyopungua, na mchanganyiko unakuwa mzito, injini inashiba kabla ya kula. Pikipiki za kisasa zenye kompyuta hujirekebisha zenyewe. Ya kwangu inarekebishwa na mtu aliyekaa kwenye nyasi.

Nikakaa kwenye nyasi. Nilichomoa plagi: nyeusi tii, masizi makavu kama ya chini ya sufuria. Nikafunga koki ya petroli, nikafungua kofia ya kabureta, nikatoa sindano. Ni sindano kweli, ndefu kama kidole, na kichwani ina vijia vinne au vitano ambamo hukaa klipu ndogo yenye umbo la herufi E. Ukiipandisha klipu kijia kimoja, sindano inashuka, petroli inapungua. Kazi ya dakika kumi kwa mtu mwenye vidole. Vyangu vilikuwa vijiti.

Mzee mmoja aliyekuwa akitoka kwenye viazi vyake, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, alisimama.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Imegoma?”

“Inakosa hewa, mzee.”

Alitazama huku na huku, uwanda mtupu, upepo unataka kumvua koti. “Hewa ipo tele. Au yenu ya Dar ni ya namna nyingine?”

Nilimweleza habari ya urefu kutoka usawa wa bahari, nikitumia mikono. Alisikiliza kwa heshima. Nikafunga kila kitu, nikapiga kiki. Ikawaka, ikaenda mita mia mbili, moshi uleule. Nikarudi kwake nikiisukuma. Alikuwa bado pale pale. Akaonyesha kwa fimbo chini ya kiti: “Mbona hapo inatoka jasho?”

Oili ilikuwa inadondoka kwenye sanduku la chujio. Nilifungua nikatoa sponji, nikaikamua. Iliyotoka ingetosha kukaanga maandazi. Chujio la sponji hupakwa oili kiasi cha kunasa vumbi, kisha hukamuliwa vizuri. Ijumaa ileile, kwa bidii ileile, niliilowesha kama mkate kwenye chai, na pua ya pikipiki ikawa imezibwa tangu nyumbani. Kule chini ilikuwa inavumilia. Hewa ilipopungua, haikuweza tena. Urefu ulikuwa na makosa yake, lakini nusu ya moshi ule ulikuwa wangu.

Sponji ikakamuliwa, nikapiga kiki, na injini ikaimba. Mzee akaitikia kwa kichwa kama aliyekuwa akiijua siku zote. Hapo mtu makini angesema: nimegusa vitu viwili, sasa nirudishe kimoja nione kipi ndicho. Lakini vidole havikuwepo, jua lilikuwa linashuka, na nilikuwa na hamu ya kuona pikipiki ikikimbia. Sindano nikaiacha ilivyo.

Nililala Isyonje, kesho yake nikateremka. Kama hujawahi kushuka kutoka Isyonje hadi Kyela, ni kama kupita kwenye mlango wa jiko. Kwanza misitu na ukungu wa Rungwe, kisha migomba na chai za Tukuyu, ambako msichana wa kituo cha mafuta alinisalimia “Ugonile” na akacheka nilipojibu vibaya, kisha bonde lenyewe, kakao, mashamba ya mpunga, joto linalopanda kwenye suruali. Sweta zote mbili zilikuwa zimeshafungwa juu ya mzigo. Nilitoka kwenye hewa ya Isyonje nikaingia kwenye ya mita 500 kabla ya chakula cha mchana, na sindano ikiwa bado ya Kitulo.

Mteremkoni hakikujulikana kitu, maana injini haifanyi kazi kubwa. Baada ya Kyela, njia ya kwenda Ipinda, ndipo ikaanza: nikiachia mafuta, eksozi inapiga risasi. Pa! Pa-pa! Kuku wakatawanyika, watoto wakakimbia kisha wakarudi kuomba nirudie. Injini ilikuwa moto kuliko kawaida, na nikivuta ilikuwa ikijivuta kwa kusitasita, kama mtu anayenywa soda kwa mrija uliotoboka. Nilisimama chini ya mwembe nikachomoa plagi. Nyeupe kama chaki. Sasa ilikuwa na hewa tele na petroli haba, na injini ya namna hiyo ikiendeshwa kwa nguvu huunguza pistoni. Kilomita zilizobaki hadi Matema nilikwenda polepole kama mtu aliyebeba mayai, baiskeli zikinipita.

Matema ilikuwa siku ya gulio. Akina mama wa Kikisi huleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe, ng’ambo ya rasi, ambako Milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja ziwani, na huvipanga mchangani kwa mistari, vikubwa kwa vidogo. Nilichagua kivuli karibu nao. Hilo lilikuwa kosa la nne au la tano, nimeacha kuhesabu: kufungua kabureta juu ya mchanga.

Klipu iliruka. Niliisikia ikisema “tik”, nikaiona ikimeta mara moja, basi. Kitu kidogo kuliko ukucha wa mtoto, kwenye ufuo wenye urefu wa kilomita kadhaa. Nililala kifudifudi. Mama aliyekuwa na vyungu akaniuliza, “Umepoteza nini, mwanangu?” Nikasema klipu. Akauliza ni ya dhahabu? Nikasema ina thamani zaidi, leo. Akaja na ungo, tukaanza kupepeta mchanga kiganja kwa kiganja, naye akisema kwamba mchanga wa pale haujawahi kupepetwa tangu dunia iumbwe.

Mvulana wa miaka kama tisa ndiye aliyetuokoa. Alikuwa na sumaku ya spika iliyofungwa kwenye kamba, mchezo wa watoto wa kila mahali, anaiburuta mchangani ioteshe ndevu za vumbi la chuma. Aliiburuta mara tatu pale nilipokuwa nimekaa. Ya tatu, katikati ya ndevu, ilikuwemo herufi E.

Safari hii nilifanya kazi ndani ya chungu. Mama alinikopesha kipana, cha mdomo mkubwa, nikaweka sindano, klipu, skrubu na kofia humo ndani, na mikono yangu nayo humo humo. Klipu ikarudi kijia cha Kimara. Plagi nikaifuta. Kiki moja, injini ikakaa kwenye mlio wake wa siku zote, bila risasi, na watoto wawili wakaondoka wakiwa wamekata tamaa.

Chungu sikuweza kukirudisha, kilikuwa kinanuka petroli. Nikakinunua, mama akasema bei, nikaomba apunguze, akakitazama kile chungu na kunitazama mimi, nikalipa yote. Nikakifunga kwa mipira juu ya hema na sweta, mzigo ukapanda tena. Kabla ya kuwasha nilimwita mvulana mwenye sumaku. Nikakaa juu, uzito wangu wote, miguu juu ya vikanyagio, mama akishika usukani kwa mkono mmoja, nikamwambia ashike mnyororo katikati, aupandishe na kuushusha, aniambie unacheza vidole vingapi.

Alichutama, akapima, akapima tena.

“Vitatu.”

“Vyako au vyangu?”

Akanyoosha mkono, akauweka juu ya wangu, akafikiri. “Vyangu vitatu. Vyako viwili.”